Kalamu Nyekundu Juu ya Kijitabu cha Maradhi ya Akili

Kijitabu hiki nimekisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikisoma kwa sauti sebuleni kwangu, mbele ya binti yangu, mkwe wangu na shemeji yangu mmoja aliyekuja kutujulia hali. Mara ya pili nilikisoma peke yangu usiku. Mara ya tatu na ya nne nilikisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, kama nilivyozoea kusahihisha insha za wanachuo kwa zaidi ya miaka 30. Haya ninayoyaandika hapa ni masahihisho hayo. Jina la kijitabu sitalitaja, wala la waliokichapa, maana makosa yake si yake peke yake. Nimeyaona katika mabango ya zahanati, nimeyasikia redioni, na moja kati ya makubwa kabisa nimelitenda mwenyewe, kama msomaji atakavyoona huko mbele.

Namna kilivyotufikia ni hii. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 21, alirudi likizo akiwa si yule tuliyemjua. Halali. Anacheka peke yake. Ikifika taarifa ya habari ya saa mbili usiku huinuka na kuizima redio, kwa sababu, alisema, msomaji wa habari alikuwa akimsema yeye. Tulizunguka miezi miwili kabla ya kufika hospitali. Huko tulikozunguka sina haja ya kukusimulia, ndugu msomaji, kila ukoo una njia zake. Hospitalini alilazwa wiki tatu, akaruhusiwa akiwa na vidonge, tarehe ya kurudi kliniki, na kijitabu. Muuguzi aliyetuaga, binti mwenye adabu njema, alinikabidhi mimi. "Shikamoo babu. Nimesikia wewe ni mwalimu. Uwasomee nyumbani." (Kijana amenipa ruhusa ya kuandika haya, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la chuo chake.)

Basi nikasoma. Ukurasa wa nne ukaniambia kwamba skizofrenia ni saikosisi kuu inayoambatana na halusinesheni, dilusheni na mparaganyiko wa fikra, na kwamba skizofreniki ni mtu aliyepoteza uhusiano na uhalisia. Nikasimama hapo. Binti yangu akauliza, "Baba, maana yake nini?" Nikarudia kusoma polepole na kwa sauti kubwa zaidi, kama afanyavyo mwalimu asiyejua jibu. Shemeji yangu ndiye aliyeniokoa, au tuseme ndiye aliyetuzamisha. Alisema neno hilo alipata kulisikia katika sinema: ni mtu mwenye watu wawili ndani yake, mchana mwema, usiku muuaji. Binti yangu hakusema kitu. Usiku ule alikusanya visu vyote vya jikoni akavifungia sandukuni chumbani kwake, na kwa muda wa wiki nzima tulikata nyanya kwa zamu, kwa kisu kimoja cha kuombwa.

Ni kwa visu vile ninavyokipima kijitabu. Insha ya mtihani hupimwa kwa lugha yake na mpango wake. Maandishi ya kumweleza mtu ugonjwa wa mwanawe nadhani hayana budi kupimwa kwa kile ambacho mtu huyo atakwenda kukifanya baada ya kuyasikia.

Neno lenyewe lina historia ambayo ingeelezwa kwa mistari mitano. Lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, la kupasua na la akili. Kabla yake Mjerumani Emil Kraepelin alikuwa akiuita ugonjwa huo kwa jina la Kilatini lenye maana ya kuchakaa kwa akili kabla ya wakati, na Bleuler aliliona jina hilo kuwa ni hukumu, kwa kuwa si wagonjwa wote aliowaona walioishia kuchakaa. Kwa kupasuka hakukusudia watu wawili katika mwili mmoja, hata kidogo. Alikusudia kwamba fikra, hisia na utashi, ambavyo kwa kawaida huvuta pamoja kama ng'ombe wa plau moja, vimeachana: mtu anasimulia msiba huku anacheka, anataka kuinuka na hainuki. Hilo binti yangu angelielewa mara moja, maana ndilo alilokuwa akiliona kila siku. Sinema ndizo zilizotuletea yule muuaji wa usiku.

Wala tusidhani ni sisi tu tulioumizwa na neno hili. Wajapani walikuwa na tafsiri yao, iliyosema waziwazi kwamba ni ugonjwa wa akili iliyogawanyika, na familia zikawa haziwezi kuitamka. Mwaka 2002 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa huko kikaibadili, kikachukua jina lenye maana ya kushindwa kuunganisha. Kabla ya badiliko hilo ni kama asilimia 37 tu ya wagonjwa waliokuwa wakiambiwa jina la ugonjwa wao. Miaka miwili baadaye walikuwa karibu asilimia 70. Vidonge vilikuwa vilevile. Madaktari walipata tu neno wanaloweza kulisema mbele ya mama wa mtu.

Sasa nirudi kwenye kalamu. Katika ukurasa huo wa nne nimezungushia mambo matatu.

La kwanza ni halusinesheni. Kiswahili kina maruweruwe, neno ambalo bibi yangu alilitumia kwa mtu mwenye homa kali anayenyoosha kidole ukutani pasipo na kitu. Kweli, maruweruwe ni ya macho zaidi kuliko ya masikio, na katika ugonjwa huu masikio ndiyo husumbuliwa zaidi. Lakini mwandishi angeweza kulichukua na kulipanua, au aseme kwa maneno ya kawaida kabisa kwamba mgonjwa anasikia watu wakizungumza pasipo watu. Badala yake amechukua neno la Kiingereza, akalivalisha kanzu, akadhani limesilimu.

La pili ni zito zaidi. Mwandishi, kwa kuhisi pengine kwamba dilusheni halitaeleweka, amelifafanua kuwa ni "imani potofu". Hapa ametoka kwenye tope akaingia shimoni. Katika nchi yetu maneno hayo yana kazi nyingine tangu zamani: ndiyo anayotumia mkuu wa wilaya akihutubia dhidi ya ramli, na ndiyo aliyotumia padri kabla yake. Kwa ufafanuzi huo nusu ya mtaa wangu inafaa kulazwa. Lakini waganga wa akili hawasemi hivyo. Wao husema kwamba imani ya ugonjwa ni ile anayoishikilia mtu kwa nguvu zote hata akionyeshwa ushahidi wa wazi, na ambayo watu wa jamii yake mwenyewe hawashiriki naye. Sharti hilo la mwisho ndilo roho ya jambo. Jirani yangu anaamini uchawi kwa dhati ya moyo wake, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia, "Mwalimu, hili la redio si la kawaida, mpeleke mtoto hospitali." Alijua tofauti vizuri kuliko kijitabu.

La tatu ni sarufi, na msomaji atanisamehe, nimefundisha sarufi maisha yangu yote. Kiswahili husema fulani ana malaria, ana kisukari, ana pumu. Ugonjwa ni mgeni aliye naye. Kesho huenda asiwe naye. Lakini tukifika kwenye akili tunabadili kitenzi: fulani ni kichaa, ni mwehu, ni chizi, ni mwendawazimu, ni majununi. Hilo la mwisho tumelipata kwa Waarabu, na ndani yake yumo jini. Katika wazimu mwenye sikio atasikia mizimu. Mgonjwa hana tena ugonjwa, amekuwa ndio huo ugonjwa. Hata majina ya hospitali tumeyageuza matusi. Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, na Kidongo Chekundu ya Unguja, na Mathari ya Nairobi, ni majina ambayo watoto hurushiana barabarani. (Kwa Kiganda mirembe ni amani; sisemi jina la Dodoma lilitoka huko, nasema tu kwamba nililipenda neno zaidi nilipolijua.) Nilitarajia kijitabu cha hospitali kiwe cha kwanza kuturudisha kwenye "ana". Kumbe kimetuletea skizofreniki, yaani kichaa mwenye shahada.

Ukurasa wa tisa una orodha ambamo taahira amepangwa pamoja na wagonjwa wa akili. Mtu aliyezaliwa na akili inayokua polepole si mgonjwa wa akili, na hakuna kidonge cha kumtibu. Anahitaji mwalimu mwenye subira. Napita.

Dawa ndizo zilizonikalisha hadi usiku wa manane. Kijitabu kinasema dawa hizi "hurekebisha kemikali za ubongo zilizovurugika". Sentensi nzuri, fupi, na inaahidi zaidi ya inavyojua. Kinachofahamika ni kwamba dawa kama haloperidoli huzuia kazi ya kemikali moja iitwayo dopamini, na kwamba sauti na shuku za wagonjwa wengi hupungua. Lakini aspirini hushusha homa, na hakuna anayesema kwamba homa ni upungufu wa aspirini. Dawa ya kwanza ya jamii hii, klopromazini, ambayo wauguzi wa zamani waliiita Largactil, ilitokana na utafiti wa dawa za kuwasaidia watu wanaopasuliwa. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa Paris wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili na kuona ikiwatuliza na kuwapunguzia maruweruwe. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958 huko Ubelgiji, katika maabara ya Paul Janssen. Jinsi zinavyosaidia ilichunguzwa baadaye. Hakuna aibu katika hilo, na mgonjwa angeheshimika zaidi kama angeambiwa hivyo.

Lakini hayo ni ya wasomi. Lililotupata sisi ni hili. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, mara baada ya chakula cha jioni, shingo ya kijana ilianza kujipinda kuelekea bega la kushoto. Ikapinda, ikakaza. Macho yakapanda juu hadi tukaona weupe mtupu. Ulimi ukawa mzito, hawezi kusema, na machozi yanamtoka. Binti yangu akapiga ukunga. Majirani wakaja, na mmoja wao, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema kwa sauti ya upole kwamba pepo amejibu, na kwamba tulikosea kumpelekea sindano. Mkwe wangu akachukua pakiti za vidonge akaenda kuzitupa chooni.

Mimi nikakimbilia kijitabu. Ndiyo kazi yake, sivyo? Nikafungua sehemu ya athari za dawa, nikakuta haya: "Dalili za ekstrapiramidali zinaweza kujitokeza." Basi. Nikawaza mapiramidi ya Misri. Nimekuja kuelezwa baadaye kwamba katika ubongo ipo njia moja kuu ya mishipa ya fahamu iitwayo piramidi kwa sababu ya umbo lake, na kwamba kuna mfumo mwingine nje ya hiyo unaosawazisha misuli, na ndio dawa hizi huuvuruga. Ni elimu nzuri. Usiku ule ilikuwa sawa na kumpa mtu anayezama kamusi.

Nilimpigia simu yule muuguzi. Alisema mlete sasa hivi, si pepo, ni dawa, na inatibika. Akachomwa sindano, na haikupita nusu saa shingo ikarudi mahali pake, kijana akaomba maji. Tukapewa vidonge vidogo vya benzeksoli, ambavyo wengine huviita Artane, vya kumeza pamoja na vile vya kwanza. Muuguzi akasema jambo hili huwapata zaidi vijana wa kiume, na mara nyingi katika siku za mwanzo. Yaani lilikuwa likijulikana, na lilikuwa na siku zake na dawa yake. Kijitabu kilihitaji sentensi nne tu: shingo inaweza kukakamaa, macho yakapanda, taya likakaza, inatisha lakini inatibika, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usitupe vidonge. Ningetoa kurasa zote 36 kwa sentensi hizo nne.

Kuna na lingine la namna hiyo, ambalo kijitabu kinaliita akathizia na kuendelea na safari. Mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza kutembea tembea, hawezi kukaa, anainuka mezani mara sita, miguu inamtekenya kwa ndani. Nyumba nzima inasema ugonjwa umerudi, wanaongeza kidonge. Kumbe ni kidonge ndicho kinachomnyanyua. Fikiria, msomaji, watu wangapi wameongezewa kile kinachowatesa kwa sababu ya neno moja la Kigiriki lisilofasiriwa!

Dawa za sonona nazo zina kalenda yake, na kalenda hiyo haimo. (Wingi wa dawa ni dawa, jamani, madawa tuwaachie wenye mihadarati.) Amitriptilini hukausha kinywa na kuleta usingizi tangu siku za kwanza, ilhali faida yake huanza kuonekana baada ya wiki mbili, tatu, hata nne. Mkulima anaelewa jambo hilo bila taabu: palizi huumiza mgongo leo, mahindi ni ya baadaye. Asipoambiwa, anameza siku tano, anaona kinywa kikavu na huzuni ileile, anaacha. Lithiamu, ambayo Mwaustralia John Cade aliandika habari zake mwaka 1949 kwa wagonjwa wenye msisimko mkali, imepewa mstari mmoja tu, na mstari huo hausemi kwamba kiasi kinachosaidia kiko jirani sana na kiasi kinachodhuru, ndiyo maana damu lazima ipimwe. Na fenobabitoni, dawa ya kifafa iliyoanza kuuzwa mwaka 1912 na ingali mkononi mwa maskini wengi, haina onyo kwamba kuiacha ghafla huweza kuleta degedege mfululizo lisilokatika. Kifafa, kwa njia, si ugonjwa wa akili ingawa mara nyingi hutibiwa kliniki hiyohiyo, wala hakiambukizwi kwa mate ya anayeanguka. Hilo kijitabu kimelisema, na kimelisema vizuri. Nimeweka alama ya vema pembeni, maana wako walioungua motoni huku ndugu wakiogopa kuwagusa.

Nimetaja sonona, na hapo lazima nikisifu. Mwandishi angeweza kutuletea dipresheni. Amechagua sonona, na kila mtu aliyewahi kusononeka ameingia ndani ya neno hilo bila kubisha hodi. Ameeleza kwamba si huzuni ya siku mbili; ni ile inayokaa karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, inayoondoa hamu ya vitu ulivyovipenda, usingizi, chakula, na mwishowe hamu ya kuishi. Siku hizi naliona mahali pengine neno unyogovu likisukumwa kuchukua nafasi hiyo. Masikioni mwangu linafanana mno na unyong'onyevu, na lina harufu ya uvivu. Mwenye sonona tayari anajishutumu kwamba ni mvivu, tusimsaidie. Ningeongeza tu kwamba kwetu sonona haiji ikijitambulisha. Mtu husema kichwa kinawaka moto, kifua kizito, moyo unakwenda mbio, nina mawazo mengi. Walimu wangapi nimewapa ruhusa ya kwenda zahanati kupima malaria, wakarudi, wakaenda tena!

Nimefika kwenye sura ya matatizo ya tabia, ambayo nilitaka kuiruka.

Kijitabu kinaeleza watoto wasioweza kutulia, wasioweza kuweka akili mahali pamoja, wanaokatiza wenzao, na kinauita ugonjwa wao "utundu uliozidi". Halafu vijana wanaopigana na kuvunja sheria, hao wana "tabia mbaya sugu". Nimeandika pembeni kwa herufi kubwa: HAPANA. Tabia, kwa Kiswahili, ni jambo la maadili. Ni malezi ya mama yako na heshima ya baba yako. Katika ripoti ya shule ipo sehemu ya tabia na mwenendo, na hakuna mwalimu anayejaza sehemu hiyo akifikiria ubongo. Madaktari wenyewe wana masharti ambayo mwandishi ameyaacha: kutotulia huko kuwe kumedumu miezi sita au zaidi, kuwe kumeanza kabla mtoto hajafikisha miaka 12, na kuonekane nyumbani na shuleni, si mahali pamoja tu. Mwalimu mwenye watoto 90 darasani akisoma "utundu uliozidi" atawapata wagonjwa 20 kabla ya mapumziko. Na yule mmoja aliye mgonjwa kweli ataendelea kuchapwa.

Nayajua haya kwa njia mbaya. Mwaka 1991, nikiwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, tulikuwa na mwanachuo wa mwaka wa pili, hodari wa hisabati kuliko wote. Muhula ule akaanza kuamka saa nane za usiku kwenda madarasani, na asubuhi tukakuta mbao zote zimejaa hesabu zake, safu kwa safu, nyingine sahihi. Akaacha kuoga. Akasema mhasibu wa chuo anasikia mawazo yake na kuyaandika kwenye daftari la posho. Siku alipompiga kiranja wa bweni niliitisha kamati ya nidhamu. Tulikaa dakika 40. Barua niliandika mwenyewe, na niliona fahari kwa lugha yake: utovu wa nidhamu uliokithiri, tabia isiyolingana na wito wa ualimu. Tukampa waranti ya basi, akaenda.

Baada ya miezi miwili baba yake alikuja, mzee mkulima, amevaa koti katika joto lile. Barua yangu alikuwa ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Akasema, "Mwalimu, hapa mmeandika mtoto wangu ana tabia mbaya. Nimemchapa. Nimemchapa sana, mwalimu, mpaka mama yake akanizuia. Habadiliki. Nimekuja kuuliza, ninyi mlimchapaje?"

Niliagiza chai. Nikamwambia, kwa maneno ya kuzungukazunguka, kwamba pengine ni vyema ampeleke hospitali. Aliuliza ugonjwa gani, nami sikuwa na neno. Nilikuwa na shahada ya elimu, na katika elimu-nafsia ya mafunzo ya ualimu nilifundishwa hatua za ukuaji wa mtoto na namna ya kumpa motisha. Neno la kumwambia mzee yule sikuwa nalo, na lile nililokuwa nalo nilikwisha kuliandika na kulipiga muhuri. Barua sikuifuta. Ingali katika jalada lake, kama mchwa hawajaifikia.

Kwa hiyo ninapokiona kijitabu kikisema "tabia mbaya sugu", mkono wangu mwekundu hautetemeki kwa hasira tu.

Limebaki neno moja ambalo mwandishi analipenda mno: kutulia. Mgonjwa akimeza dawa "atatulia". Kiswahili kinatofautisha vizuri kabisa kupona, kupata nafuu na kutulia, na kijitabu kimevichanganya vyote ndani ya hicho cha tatu. Kutulia ni furaha ya wale wanaomzunguka mgonjwa. Mkuu wa chuo hupenda bweni lililotulia. Mjukuu wangu wiki ya pili alikuwa ametulia kweli: anakaa kibarazani kutwa, mate yanamdondoka, hasemi, na kila mgeni alitupongeza. Tulipomrudisha kliniki daktari alimtazama akapunguza dozi siku hiyohiyo. Akatulia kidogo kuliko hapo, na akaanza kupata nafuu: akagombana na dada yake juu ya chaja ya simu, akakosoa upishi wa mama yake. Sasa anasoma tena, kidogo kidogo. Sauti bado anazisikia mara mojamoja, jioni hasa, lakini anasema zimekuwa kama redio ya jirani.

Baada ya kusahihisha niliona si haki kukosoa bila kuonyesha. Nikaandika ukurasa mmoja kwa mkono, lugha ya nyumbani, nikaubandika kwenye mlango wa kabati la vyombo: ugonjwa unafanya nini, dawa ipi saa ngapi, shingo ikipinda fanya nini, asipolala usiku mbili mfululizo mpigie nani. Visu vilikwisha kurudi jikoni. Kijana akausoma akiwa amesimama, kikombe mkononi. Kisha akaomba kalamu yangu nyekundu.

Nilikuwa nimeandika, "Anasikia sauti za uongo." Alifuta maneno mawili ya mwisho, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake mdogo: "Babu, sauti nazisikia kweli. Wasemaji ndio hawapo."

Nimeuandika upya ukurasa ule jana jioni kabla umeme haujakatika. Nakala moja nitampelekea muuguzi siku ya kliniki, tarehe 14, pamoja na kijitabu chake.